Shemeji anasema swala zangu za miaka yote ni batili kwa sababu nachanganya adhuhuri na alasiri

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Ustadhi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya. Nina banda la chakula karibu na njia panda, pale magari ya Tukuyu na Kyela yanapoachana na yale ya Iringa. Wateja wangu ni madereva wa malori na matingo wao, wabeba mizigo, na akina mama wanaouza viazi. Baada ya swala ya alfajiri nawasha moto kwa ajili ya chai na chapati, na ikigonga saa sita wanaanza kuingia watu wa wali na ugali. Kuanzia hapo mpaka saa kumi huwa sikai. Nina wasichana wawili wa kunisaidia, mmoja anaosha vyombo, mwingine anapeleka sahani.

Adhana ya adhuhuri naisikia nikiwa na upawa mkononi. Zamani nilikuwa naiacha ipite huku roho inaniuma, naikadhi jioni. Siku moja dereva mmoja wa lori, mtu wa dini, akanisikia nalalamika. Akaniambia: "Mama, usijitese. Mtume (s.a.w.) aliswali adhuhuri na alasiri pamoja akiwa Madina, wala hakuwa safarini. Wewe subiri alasiri, uziswali zote mbili." Nilijiona kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu hapo, na sasa inaelekea miaka mitatu, nikishapunguza moto saa kumi na nusu nachukua udhu, naswali adhuhuri, namalizia na alasiri.

La pili ni la mvua. Zile za masika zikikolea, imamu wa msikiti wa mtaani kwetu huunganisha magharibi na isha. Mimi nikiwa nyumbani nikisikia kwenye kipaza sauti kwamba wameunganisha, na mimi naunganisha hapo hapo chumbani, nalala mapema, maana huwa naamka mapema mno. Wazee wawili walishawahi kutoka kwenye safu wakisema huo ni uzushi, na maneno hayajaisha mtaani.

La tatu ni Kyela. Mara moja moja nashuka kununua mchele. Naondoka asubuhi, narudi usiku, na huko naswali rakaa mbili mbili kama nilivyofundishwa chuoni utotoni.

Sasa mdogo wake mume wangu amekuja kutoka Dar es Salaam, anakaa kwetu. Amesoma kidogo. Aliponiona naswali adhuhuri saa kumi na nusu akaniuliza, nikamweleza. Akasema, tena mbele ya watoto, kwamba swala zangu za miaka yote hiyo ni batili, nizirudie zote, na kwamba anayechezea nyakati za swala hana tofauti na asiyeswali. Kuhusu Kyela akasema kupunguza swala kulikuwa kwa ajili ya watu wa ngamia. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha kosta ana taabu gani? Mume wangu alinyamaza.

Nimeanza kulipa. Nimelipa za siku chache tu nikachoka, nikakaa juu ya mkeka nikalia. Kila nikisimama kuswali najiuliza kama kuna kinachopokelewa. Nijibu kwa uwazi, Ustadhi, hata kama jibu litaniuma.

Mama Lishe, Uyole

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Kwanza acha kulipa. Weka kando hesabu hiyo ya miaka mitatu, maana hudaiwi.

Tuchukue msimamo mkali kuliko yote, wa mwanachuoni asiyeruhusu kabisa kuunganisha swala kwa sababu ya kazi. Huyo naye atasema nini juu ya adhuhuri uliyoiswali saa kumi na nusu? Atasema umeiswali nje ya wakati wake, kwa hiyo ni kadha. Na kadha ni swala. Deni likishalipwa limelipwa. Alasiri yako nayo uliiswali ndani ya wakati wake. Sasa unachotakiwa kurudia ni kipi? Hakipo. Kinachobaki kuzungumzwa ni kama huko kuchelewesha kulikuwa na dhambi, na dhambi hutubiwa, haiondolewi kwa kurudia rakaa ambazo tayari ziliswaliwa. Nawe hukuchelewesha kwa dharau. Uliambiwa hadithi ya Mtume wako ukaipokea kwa furaha. Ama neno la kwamba huna tofauti na asiyeswali, shemeji yako alivuka mpaka alipolisema, na kulisema mbele ya watoto wako kulizidisha ubaya wake. Mume wako na aongee naye faragha. Hilo ni jukumu lake, na kunyamaza kwake hakukusaidii.

Isha ulizozitanguliza usiku wa mvua zina hukumu yake peke yake. Nitafika huko.

Dereva yule hakukudanganya. Hadithi aliyokutajia ni ya Ibn Abbas (r.a.), na imo katika Sahihi Muslim: Mtume aliunganisha adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, akiwa Madina, bila hofu wala safari, na katika mapokezi mengine, bila hofu wala mvua. Ibn Abbas alipoulizwa kwa nini alifanya hivyo, akajibu kwamba alitaka asimtie uzitoni yeyote katika umma wake. Ni hadithi sahihi, na ni rehema. Lakini dereva alikupa nusu ya habari.

Nusu ya pili ni jinsi waliotutangulia walivyoielewa. Imamu Malik alidhani ilikuwa siku ya mvua, ingawa yale mapokezi yasemayo "wala mvua" yanaipa dhana hiyo shida. Wengine wakasema ni maradhi au dharura nyingine. Na iko kauli iliyopokewa ndani ya hadithi yenyewe: Amr bin Dinar alimwambia Jabir bin Zayd, mwanafunzi wa Ibn Abbas aliyeipokea hadithi hiyo kwake, "Nadhani aliichelewesha adhuhuri akaiwahisha alasiri, akaichelewesha magharibi akaiwahisha isha." Jabir akajibu, "Nami nadhani hivyo." Yaani adhuhuri iliswaliwa mwishoni kabisa mwa wakati wake, na alasiri mwanzoni kabisa mwa wakati wake, zikafuatana, na kila moja ikiwa ndani ya mipaka yake. Shikilia hili, dada, kwa sababu ndimo dawa yako ilimo.

Maimamu hawakukubaliana juu ya mlango huu, na huenda shemeji yako hajui kwamba tofauti hizi ni za tangu zamani. Wanachuoni wote wanaafiki kwamba Haji huunganisha Arafa na Muzdalifa. Kwa Wahanafi ni hapo tu. Kwingine kote hawaunganishi, isipokuwa kwa namna ile ya Jabir bin Zayd. Sisi wengi hapa Tanzania tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, na humo ruhusa ni ya safari na ya mvua. Hata mgonjwa, kauli mashuhuri ya madhehebu haimruhusu, ingawa Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu hayo, aliona kwamba dalili ya kumruhusu ina nguvu. Wamaliki wanamruhusu mgonjwa, na wanaruhusu magharibi na isha kwa mvua, na kwa matope yakikutana na giza. Wahanbali ndio wenye wigo mpana zaidi: kwao mgonjwa anaunganisha, mama anyonyeshaye ambaye kutohirisha nguo kila swala kunamwelemea anaunganisha, na anayehofia maisha yake au riziki yake pia. Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 1328, aliwataja kwa kazi zao mpishi na mwoka mikate, kwamba wanaweza kuunganisha wakichelea mali kuharibika. Mpishi, dada yangu. Wanachuoni waliketi wakawafikiria watu wa kazi yako.

Na ndugu zetu wa madhehebu ya Jaafari, yaani Mashia, wanaunganisha bila kuhitaji udhuru, japokuwa nao wanaona kutenganisha ni bora. Ukiwaona wanafanya hivyo usiwashangae wala usigombane nao.

Ila angalia sharti. Nawawi katika kuisherehesha Sahihi Muslim amewataja wanachuoni walioruhusu mkazi wa mji kuunganisha kwa haja, akiwemo Ibn Sirin, na Ashhab katika Wamaliki, na Qaffal katika Mashafii, na Ibn al-Mundhir. Na akasema ruhusa yao ni kwa asiyeifanya kuwa mazoea. Hilo neno mazoea ndilo linalokuhusu. Mtume aliishi Madina miaka kama 10, na swala zake tano zilijulikana kwa nyakati zake tano. Ile siku aliyounganisha ilisimuliwa kwa sababu ilikuwa tofauti na desturi yake. Aya ya 103 ya Suratun Nisaa inasema swala ni faradhi iliyowekewa waumini wakati maalumu. Ukiunganisha kila siku, mwaka mzima, kiangazi na masika, hapo adhuhuri yako haina tena wakati wake. Katika hili shemeji yako ana hoja, ingawa aliitoa vibaya.

Kwa hiyo, jibu la wazi uliloliomba: kuunganisha adhuhuri na alasiri kila siku kwa sababu ya wateja, acha. Siku yenye dharura ya kweli, ruhusa ipo, na uitumie bila kujilaumu. Kwa mfano umepewa kazi ya kupika pilau la harusi au la msibani, masufuria makubwa manne yako motoni na huna wa kumwachia. Ukigeuka, chakula cha watu kinaungua. Siku hiyo wewe ndiye yule mpishi. Lakini Jumanne ya kawaida, wali umeshaiva na umefunikwa, maharage yako pembeni mwa jiko, hakuna mali inayoharibika kwa dakika kumi. Mteja atasubiri. Wengi wao wakiambiwa mama yuko kwenye swala hawanung'uniki, na wasiokuwa Waislamu mara nyingi ndio wanaoheshimu zaidi.

Sasa tutazame saa, maana mimi naona hapo ndipo palipokuwa na fundo. Kwa jua la Mbeya adhuhuri inaingia kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kulingana na mwezi. Alasiri inaingia kati ya saa kumi kasoro robo na saa kumi na robo. Una zaidi ya saa tatu za adhuhuri. Wewe umesema mwenyewe msongamano unapungua kuelekea saa kumi. Basi fanya alichokielewa Jabir bin Zayd: robo saa kabla ya alasiri kuingia, mwachie upawa yule binti anayepeleka sahani, chukua udhu, swali adhuhuri. Kaa hapo hapo kwenye mkeka ulete tasbihi zako mpaka alasiri iingie, kisha swali alasiri, urudi jikoni. Ni udhu mmoja na kutoka jikoni mara moja, na swala zote mbili zimeswaliwa kwa wakati. Mshafii, Mmaliki na Mhanbali wote watakubali, na shemeji yako hatapata pa kushika. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwanamke kufanya jambo linalofanana na hili: Hamna bint Jahsh, aliyekuwa akisumbuliwa na damu isiyokatika, aliambiwa kwamba akiweza aicheleweshe adhuhuri na kuiwahisha alasiri, aoge mara moja kwa zote mbili.

Usiisogeze adhuhuri mpaka ukingoni kabisa. Inatakiwa uimalize kabla ya alasiri kuingia, kwa hiyo jipe nafasi.

Na hapa nikuonye juu ya jambo ambalo lingeweza kukuharibia swala kuliko yote aliyoyasema shemeji. Angalia ratiba unayoifuata ni ya wapi. Jua linachwea Dar es Salaam kabla ya Mbeya, na tofauti ni dakika 20 au zaidi. Ukifuata adhana ya redio inayotangaza nyakati za Dar es Salaam, utaswali alasiri kabla haijaingia huku kwetu, na swala iliyotangulia wakati wake bila ruhusa haisihi. Mwezi wa Ramadhani ndiyo hatari zaidi, mtu anafuturu jua la Mbeya bado lipo. Kama shemeji amekuja na simu iliyowekwa nyakati za Dar es Salaam, mwambie abadilishe mji.

Mambo ya bandani. Unga wa chapati ukikaukia kwenye kucha unazuia maji, kwa hiyo ukwangue kabla ya udhu. Mafuta ya mikono na moshi wa usoni havizuii kitu. Kanga ya kupikia huenda ina damu ya kuku, basi weka kanga mbili safi na mkeka ndani ya mfuko wa nailoni, ziwe za swala tu. Mwezi wa sita na wa saba maji ya Uyole yanauma mpaka kwenye mifupa, na una jiko: tenga birika moja la maji ya vuguvugu kwa ajili ya udhu. Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba udhu wa maji baridi peke yake ndio wenye thawabu. Kupasha maji ni halali kabisa. Ukiweza kupata soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu, ukazivaa ukiwa na udhu, unaweza kupangusa juu yake mchana na usiku mmoja, hulazimiki kuvua viatu na soksi kila mara kwenye baridi ile.

Ningependa pia kusema na wanaume wanaosoma hapa. Dada huyu anafanya kazi kando ya barabara kuu. Msikiti wa karibu naye ungekuwa na sehemu ya wanawake iliyo wazi mchana, yenye bomba na pazia, pengine barua hii isingeandikwa. Misikiti mingi ya stendi na sokoni sehemu hiyo haipo, au ipo na imefungwa kwa kufuli mpaka Ijumaa. Tunawalaumu akina mama kwa kuchelewesha swala na tumewanyima mahali pa kuiswalia. Kamati za misikiti, hili liko mikononi mwenu.

Sasa mvua. Imamu wenu hakuzua jambo. Katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imamu Malik, imepokewa kwamba Abdullah bin Umar alikuwa akiunganisha pamoja na watawala wa Madina walipounganisha magharibi na isha kwa mvua. Mashafii nao wanaruhusu, kwa kutanguliza ya pili kwenye wakati wa ya kwanza, mvua ikiwa ya kulowesha nguo, kwa wanaokuja kuswali jamaa msikitini na njia inawataabisha. Mvua iwe inanyesha wanapoanza swala ya kwanza, wanapotoa salamu yake, na wanapoanza ya pili. Anayeijua mvua ya masika ya Mbeya na Tukuyu, na njia ya udongo inayoteleza gizani, hatasema hilo ni jambo la kubuni. Wazee wale wana haki ya kuondoka wakaja kuswali isha yao baadaye. Kelele ndani ya safu ndizo ambazo hazikuwa na haki.

Lakini ruhusa hiyo ni ya taabu ya njia, nawe uko chumbani. Kwa Mashafii, anayeswali nyumbani haunganishi kwa mvua. Kwa Wahanbali anaweza hata akiwa nyumbani kwake. Kwa hiyo zile isha ulizotanguliza zina kauli ya wanachuoni nyuma yake, wala siwezi kukwambia ni batili na urudie. Kama moyo wako unakataa kutulia na unakumbuka usiku fulani fulani, zilipe hizo kwa raha zako, ni chache. Kuanzia leo usitangulize. Isha ikishaingia, kama saa moja na dakika chache tu baada ya magharibi, iswali ulale. Kama usingizi umekushika kabisa, lala kidogo, uweke kengele. Wakati wake bado ni mrefu. Mtume (s.a.w.) usiku wa baridi na mvua alimwamuru mwadhini atangaze: swalini majumbani mwenu. Hata mumeo usiku wa namna hiyo hana lawama akiswali nawe nyumbani.

Kyela ndiko ambako umefanya sawasawa tangu mwanzo. Aya ya kupunguza swala, ya 101 ya Suratun Nisaa, imetaja hofu ya makafiri. Ya'la bin Umayya akamuuliza Umar bin Khattab: watu sasa wako salama, mbona tunapunguza? Umar akamwambia, nami nilistaajabu kama wewe, nikamuuliza Mtume, akasema ni sadaka Mwenyezi Mungu amekupeni, basi pokeeni sadaka yake. Ruhusa imefungwa na safari yenyewe, haikufungwa na mgongo wa ngamia. Mwenye taabu na aliyekaa kwenye kiti chenye mto, wote ni wasafiri. Mtume mwenyewe aliunganisha katika safari ya Tabuk, kama alivyosimulia Muadh bin Jabal.

Kinachotazamwa ni umbali wa kwenda peke yake. Katika madhehebu ya Shafii ni marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili, na wanachuoni wa zama zetu wanazikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Uyole mpaka Kyela mjini ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo umo, hata ukirudi siku hiyo hiyo. Ukiishia Tukuyu umbali huo haufiki, na huko swali kamili, kila moja kwa wakati wake.

Ukishatoka nje ya makazi ya Uyole safari imeanza. Ukiwa Kyela na adhuhuri imeingia, swali rakaa mbili za adhuhuri ukiwa umetia nia ya kuunganisha, kisha bila kukawia rakaa mbili za alasiri. Usiache pengo la kwenda kupima mchele katikati. Ukikuta jamaa msikitini na imamu ni mwenyeji, mfuate na ukamilishe nne kama yeye, halafu alasiri yako uiswali mbili. Ukifika Uyole kabla ya alasiri kuingia, hurudii. Ulishaiswali ukiwa msafiri. Magharibi ikiingia mko kwenye kona za Kiwira na kosta haisimami, tia nia moyoni, wakati huo huo wa magharibi, kwamba unaichelewesha uiunganishe na isha. Ukifika nyumbani swali magharibi rakaa tatu, maana hiyo haipunguzwi popote, kisha isha rakaa nne kamili kwa kuwa umeshakuwa mkazi. Alfajiri haiunganishwi na swala yoyote, wala alasiri na magharibi, kwa hiyo usiku ukichelewa sana na mchele wako, hakikisha kuna wa kukuamsha.

Wabillahi tawfiq.